Pimbi ana undugu gani na tembo?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mpagazi, nyumbani Marangu. Nimebeba mizigo mlimani miaka minne, sasa nasomea uongozaji. Darasani tulifundishwa kwamba pimbi ni ndugu wa tembo. Wiki iliyopita nikawaambia wageni, mmoja akacheka, akasema pimbi ni jamii ya panya na kila mtu anajua. Wenzangu nao wakacheka. Kusema kweli hata mimi sielewi: mnyama wa ukubwa wa sungura, hana mkonga, hana hata mkia, undugu wake na tembo unatoka wapi? Na kama ni kweli wanyama hubadilika wakawa wengine, mbona babu zetu hawakuwahi kuona pimbi akigeuka? Halafu perere wa msituni ni pimbi huyohuyo au ni mwingine? Naogopa kuulizwa kwenye mtihani.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ulichowaambia wageni ni kweli, tena ni jambo zuri kuliko mengi tunayowaambia njiani. Mgeni wako naye hakulitoa neno hewani. Mtu wa kwanza kumpa pimbi jina la kisayansi, Peter Simon Pallas, mwaka 1766 alimwita Cavia capensis, yaani alimtia katika jenasi (kundi dogo la viumbe ndugu) moja na simbilisi, na simbilisi kweli ni jamii ya panya. Pallas aliona mnyama mnene wa manyoya, masikio mafupi, mkia hana, akamweka pale macho yalipomwelekeza. Mwaka 1780 pimbi alipata jenasi yake mwenyewe, Procavia, lakini hata jina hilo bado limembeba simbilisi ndani yake. Mwanzoni mwa karne ya 19 Georges Cuvier wa Ufaransa akachunguza mifupa na magego, akaona huyu si panya hata kidogo, akamsogeza karibu na vifaru. Kosa la mgeni wako, basi, ni la zamani sana, na watu wenye elimu kubwa waliwahi kulifanya.

Kabla sijakueleza pimbi, nikupeleke kwenye ua unalolijua. Msituni, chini ya kambi ya Mandara, penye unyevu kando ya vijito, kuna ua dogo lenye wekundu na unjano, na nyuma yake umejikunja mrija unaofanana kabisa na mkonga. Bila shaka umewasikia waongozaji wakimwita mgeni asogee atazame “mkonga wa tembo”. Jina lake ni Impatiens kilimanjari, na duniani kote linaota kwenye mlima wetu tu. Ule mrija ni kifuko cha nekta. Hujawahi kumsikia mtu akisema ua lile ni ndugu wa tembo kwa sababu lina mkonga. Tukishakubali kwamba kufanana peke yake hakuleti undugu, tukubali na upande wake wa pili: kutofanana hakuondoi undugu.

Simama asubuhi pale getini Marangu. Wapagazi ishirini wamevaa koti la rangi moja la kampuni moja. Mtu aliyeshuka kwenye gari sasa hivi ataona kundi la watu wanaofanana. Wewe huangalii koti. Unaangalia pua, unaangalia mtu anavyotupa mguu akitembea, unasema huyu ni mtoto wa ukoo fulani, hata siku atakayokuja kanisani na suti. Viumbe nao wana koti na wana pua. Koti ni umbo linaloletwa na kazi na makazi: papa na pomboo wanafanana kwa kuwa wote wanakata maji, ilhali papa ni samaki na pomboo ananyonyesha. Pua ni zile alama walizopokea kutoka kwa mhenga wao, ambazo hata maisha yakibadilika hubaki zimejificha mahali. Kazi yote ya kuainisha viumbe kwa ukoo ni kuyatenga hayo mawili, na ni kazi ngumu, ndiyo maana imechukua miaka mingi hivyo.

Sasa pimbi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilimkuta mmoja amegongwa na gari karibu na majabali ya Seronera, Serengeti, mwili bado una joto. Nikachuchumaa nikamgeuza miguu. Unyayo wake hauna manyoya. Ni mweusi, laini kama mpira wa kandambili mpya, na una unyevu, kwa sababu una tezi zinazotoa jasho ili ushike mwamba. Mguu wa mbele una vidole vinne, wa nyuma vitatu. Kwenye vidole hakuna makucha ya panya. Kuna kucha bapa, fupi, kama kwato ndogondogo, isipokuwa kidole kimoja cha ndani kwenye mguu wa nyuma chenye ukucha uliopinda, anaojichania nao manyoya. Ukimtazama tembo miguuni utaona kucha bapa za namna hiyo hiyo zimepangwa mbele ya wayo.

Nikainua mdomo wa juu. Panya ana meno ya mbele kama patasi, yamebanana katikati. Pimbi ana mawili juu yaliyoachana, yenye ncha, yanayoendelea kukua maisha yake yote. Hapa ndipo moyo wangu uliporuka, maana pembe za tembo nazo, tunazoziita pembe, ni meno ya mbele ya juu yasiyoacha kukua. Ngiri ana pembe za mdomoni, kiboko ana meno ya kutisha, lakini ya kwao ni chonge. Tembo na pimbi wote wametumia meno ya mbele.

Yapo na mengine ambayo huwezi kuyaona bila kumpasua. Dume la pimbi halina korodani zinazoning'inia. Ziko ndani ya tumbo, karibu na figo, kama za tembo. Jike lina chuchu karibu na kwapa, na tembo ananyonyesha kati ya miguu ya mbele. Mimba ya sungura ni mwezi mmoja. Mimba ya pimbi, mnyama wa kilo nne hivi, ni zaidi ya miezi saba, na mtoto anazaliwa macho yamefunguka, manyoya tayari.

Kila alama hapo ukiichukua peke yake inaweza kubishaniwa, na ilibishaniwa kweli; hata karne ya 20 walikuwepo wataalamu waliomweka pimbi upande wa farasi na vifaru. Kilichomaliza ugomvi ni vinasaba, yale maandishi yaliyomo ndani ya kila chembe ya mwili, yanayonakiliwa kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto pamoja na makosa madogo ya kunakili. Wanafunzi wawili wakikosea swali lile lile kwa maneno yale yale, mwalimu anajua wamenakili sehemu moja. Ndivyo ilivyokuwa. Pimbi, tembo na nguva wa baharini walikutwa na “makosa” yale yale. Na si hao tu: muhanga na njule, yule mdogo mwenye pua ndefu, nao wakaingia ukoo huo huo mpana. Mwaka 1998 ukapewa jina Afrotheria, yaani wanyama wa Afrika, kwa sababu chimbuko lake ni bara hili hili, zama zile lilipokuwa limezungukwa na bahari kama kisiwa. Nikisimama mbele ya wanafunzi nikalitamka jina hilo huwa nafurahi mpaka leo.

Ila rekebisha kidogo unavyosema. Waongozaji wengi husema pimbi “ndiye ndugu wa karibu kuliko wote wa tembo”. Sema pimbi na nguva ndio ndugu wa karibu zaidi wa tembo walio hai. Wataalamu wengi humwona nguva yuko karibu kidogo zaidi. Na neno ndugu lisikupoteze. Tembo hakutoka kwa pimbi, wala pimbi si tembo aliyeshindwa kukua. Ni wajukuu wa bibi mmoja aliyeishi takribani miaka milioni 60 iliyopita, ambaye hakuwa tembo wala pimbi. Baada yake kila tawi lilikwenda njia yake. Kule Fayum, Misri, yamechimbuliwa mabaki ya jamii ya pimbi ya zaidi ya miaka milioni 30: wengine wadogo kama sungura, wengine wana miguu mirefu ya kurukaruka kama swala, na mmoja, Titanohyrax, alikuwa na mwili wa kifaru mdogo. Zama hizo wao ndio walikuwa walaji wakubwa wa majani huku kwetu. Baadaye swala na nyati walipoenea, jamii kubwa za pimbi zikatoweka, wakabaki hawa wa mawe na wa miti.

Usifikiri pia kwamba kila upangaji wa viumbe lazima ufuate ukoo. Mama anayeuza ndizi soko la Mbuyuni huzitenga za kupika, za kuiva na za mbege, na mpango wake ni sahihi kwa kazi yake. Katika Biblia pimbi, anayeitwa wibari, amepangwa kwa kucheua na kwato, kwa sababu pale swali ni nini kiliwe na nini kisiliwe. Carl Linnaeus wa Sweden, ambaye chapisho lake la mwaka 1758 ndilo msingi wa majina ya wanyama tunayotumia hadi leo, alipanga viumbe kwenye makabati ndani ya makabati: himaya, ngeli, oda, jenasi, spishi (faila na familia ziliongezwa na waliomfuata). Alikuwa hodari wa kuona mpangilio, lakini hakujua kwa nini viumbe vinakubali kupangika hivyo. Charles Darwin, mwaka 1859, ndiye aliyeeleza kwamba vinapangika kwa sababu ni ukoo kweli, una shina na matawi.

Nije kwenye swali lako la pili, lililonipendeza zaidi. Hakuna aliyewahi kuona pimbi akigeuka, na sayansi haisemi anageuka. Pimbi huzaa pimbi. Wewe wa Marangu unaongea Kivunjo. Mtu wa Machame ana Kimachame, wa Rombo ana Kirombo, na Wameru wa Arusha (si wale wa Kenya) wana Kimeru chao, ndugu wa karibu wa Kimachame. Lugha zote hizi zina chimbuko moja. Niambie, ni mama gani aliyelala akiongea lugha ya zamani akaamka akiongea Kivunjo? Hayupo. Kila mtoto alielewana na mama yake, na mama yake na bibi yake, bila kukatika hata mara moja. Lakini watu wa korongo hili walikutana na wenzao kila siku ya soko, na wale wa makorongo ya mbali mara chache. Neno moja likapinda huku, lingine likapinda kule. Leo mzee wa Rombo na mzee wa Machame wakikutana stendi ya Moshi wanaona afadhali wazungumze Kiswahili. Spishi mpya huzaliwa namna hiyo: kundi linagawanyika, pande mbili zinaacha kuchanganya damu, na tofauti ndogondogo zinajumlishwa vizazi kwa vizazi.

Na nini huchagua tofauti ipi ibaki? Mara nyingi ni bahati tu, mara nyingi ni maisha yenyewe. Mfano mmoja umeonekana ndani ya umri wangu, na unamhusu tembo. Kwenye hifadhi ya Gorongosa, Msumbiji, vita vya mwaka 1977 hadi 1992 viliua zaidi ya asilimia 90 ya tembo, na pembe zao ziliuzwa kugharimia mapigano. Kabla ya vita, kati ya tembo jike, 18.5 kwa mia walikuwa wamezaliwa bila pembe. Baada ya vita wakawa karibu 51 kwa mia. Hakuna tembo hata mmoja aliyeng'oka pembe kwa kuogopa bunduki! Wenye pembe waliuawa, wasio nazo wakaachwa wazae, na hata kati ya majike waliozaliwa baada ya amani, theluthi moja hawana pembe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha sehemu za vinasaba zinazohusika, na ukaeleza kwa nini ni majike tu: urithi huo ukimwangukia dume, unamuua kabla hajazaliwa. Huo ndio uteuzi asilia. Haumbadilishi mnyama mmoja mmoja. Hubadilisha wangapi ni wa namna gani katika kundi.

Ukitaka kuona pale mgawanyiko ulipofika mbali zaidi, panda hadi kambi ya Horombo, mita 3,720, usimame mbele ya mti uitwao senesio. Umepita hapo mara nyingi ukiwa na mzigo kichwani. Safari hii utue mzigo. Weka mkono kwenye shina. Yale majani makavu yaliyoning'inia hayakusahaulika kudondoka, ni blanketi lake. Usiku barafu inapotanda, majani mabichi ya juu hujikunja kufunika kichipukizi, na ndani ya shina kuna moyo laini unaotunza maji, ili asubuhi jua linapowaka ghafla na ardhi bado imeganda, mti usikauke. Huyo ni Dendrosenecio kilimanjari. Chini kidogo, kuanzia ukingo wa juu wa msitu, kuna mwenzake, Dendrosenecio johnstonii. Ng'ambo, kwenye Mlima Meru, yupo Dendrosenecio meruensis. Milima yenyewe inatazamana, umbali wa kilomita 70 hivi, lakini katikati kuna nyanda za joto ambako mti huu hauwezi kuishi hata msimu mmoja. Kwake yeye Kilimanjaro ni kisiwa na Meru ni kisiwa.

Eric Knox na Jeffrey Palmer walilinganisha vinasaba vya senesio wa milima yote mirefu ya Afrika Mashariki, wakachapisha mwaka 1995. Picha waliyoitoa ni kwamba mhenga alianza kukaa juu ya Kilimanjaro miaka milioni moja hivi iliyopita, kizazi chake kikashuka mteremko hadi kikamzaa yule wa chini, na mbegu nyingine, ambazo ni nyepesi na zina manyoya ya kupepea, zikavuka hadi Meru na baadaye milima ya Kenya na kwingineko. Ajabu ninayoipenda ni kwamba Wameru nao wana lugha yao ile iliyo jirani ya Kimachame cha upande huu wa Kilimanjaro. Mbegu na maneno vilivuka bonde lile lile, zama tofauti kabisa.

Mpaka kati ya spishi na spishi si ukuta. Ernst Mayr mwaka 1942 aliweka kipimo kinachotumika sana: spishi ni makundi yanayozaana yenyewe kwa yenyewe na hayazaani na mengine. Kinafaa mara nyingi, lakini lile ua lako la mkonga linapokutana na jirani yake Impatiens pseudoviola, huchanganya mbegu na kutoa machotara hapo hapo mlimani. Sioni kwamba hii ni dosari ya sayansi. Kama kweli spishi huachana taratibu, lazima tuzikute nyingine zikiwa katikati ya kuachana. Hii ndiyo sababu vitabu hubadilika: twiga kwa muda mrefu alihesabiwa spishi moja, na mwaka 2025 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, likatambua spishi nne. Yule unayemwona Hifadhi ya Arusha ni twiga wa Kimasai, Giraffa tippelskirchi. Kama daftari lako linasema camelopardalis, si kwamba mwalimu wako alikudanganya, liliandikwa kabla.

Kuhusu perere: hapana, si pimbi huyohuyo. Ni ndugu wa karibu, familia moja, jenasi nyingine. Wazee wetu walimjua vizuri, maana ngozi zake zilishonwa mavazi ya watu wakubwa wa Uchagga. Kwenye mtihani andika Procavia capensis kwa pimbi wa miambani na Dendrohyrax validus kwa perere wa msitu wa Kilimanjaro. Jina la jenasi lianze kwa herufi kubwa, la spishi kwa ndogo, na kwa kuwa unaandika kwa mkono, pigia mstari maneno yote mawili.

Ila tahadhari, perere kwa perere huweza kudanganya macho. Kule Afrika Magharibi, kati ya mito Volta na Niger, watafiti waligundua kwamba perere wa hapo halii kama wenzake wa ng'ambo ya mito. Wao hupiga yowe, yeye hubweka. Walipofuatilia, fuvu, manyoya na vinasaba vikakubaliana na kile masikio yao yalichosikia, na mwaka 2021 akapewa jina lake, Dendrohyrax interfluvialis, wa kati ya mito.

Kwa hiyo nina ombi. Safari ijayo ukilala Mandara, usiku perere akianza ule mkwaruzo wake unaorudiwa na kuzidi nguvu, toa simu urekodi, hata dakika moja. Kabla ya sauti kuanza, taja tarehe, saa na mahali ulipo. Mwenzako anayepanda Meru mwombe afanye vilevile akilala kambi ya Miriakamba. Nitumieni zote mbili, nizisikilize kwa pamoja.